Geji ya busti: ya mpira au ya umeme? Nilivyozipanga, kuanzia ya kununua mpaka ya kuikimbia

Tuseme una Subaru Forester XT au Impreza ya turbo, injini ya fakitori haijachokonolewa, umeenda zako Gerezani pale Dar kutafuta geji ya busti na umekuta meza nzima inawaka bluu, nyekundu na zambarau utadhani ukumbi wa harusi. Muuzaji hata hajakuuliza una gari gani, anakwambia bosi chukua ya umeme, hizo za mpira, zinazoletewa hewa na kimpira kutoka kwenye injini, za kizamani. Subiri kwanza.

Geji ya busti kazi yake moja, kukuonesha presha ya hewa ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Gari ikiwa inanguruma tu imesimama, injini inavuta hewa na sindano inakaa chini ya sifuri, yaani chini ya presha ya hewa ya nje, ukikanyaga turbo inasukuma hewa ndani na sindano inapanda. Subaru nyingi za turbo ambazo hazijaguswa zinacheza kama 0.7 mpaka 1 bar hivi. Ukishaizoea namba ya gari lako, siku ikigoma kwenye 0.4 unajua kuna mpira umechanika au klipu imelegea, na siku ikipitiliza mpaka 1.3 unatoa mguu kwanza maswali baadaye, kabla pistoni hazijakuuliza wewe. Ndo maana geji muongo ni bora usiwe nayo kabisa.

Kwa gari la fakitori na hela za kubana, namba moja kwangu ni ya mpira ya kampuni inayojulikana. Ndani kuna kibomba cha shaba kilichopindwa, hewa ikiingia kinataka kunyooka na kinavuta sindano, basi. Ni ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na ndo hichohicho kipo kwenye geji nyingi za kompresa pale kwa mtu wa pancha, ile ya kioo kilichopasuka imejaa vumbi na bado inafanya kazi. Haina sensa (kile kipima presha cha umeme) ya kufa wala haihitaji umeme zaidi ya taa yake ndogo. Na kuijaribu ni rahisi, mimi niliifunga kwenye pampu ya baiskeli yenye geji, nikapampu taratibu mpaka psi 15 nikaona sindano imekaa kwenye 1 bar na kiduchu nikaridhika. Ila usiende kuichomeka kwenye kompresa ya pancha, utaiua hapohapo.

Ubaya wake ni huo mpira wenyewe, maana unatoka kwenye injini unapita ukutani unaingia mpaka ulipokaa wewe. Yangu ya kwanza fundi alinifungia kile kimpira cha plastiki kilichokuja kwenye boksi, mimi nikaona sawa tu. Miezi kadhaa baadaye niko Kibaha kwenye foleni nasikia fsssss karibu na goti, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) imepanda, gari inatetemeka, na sindano imelala kwenye sifuri kama imefiwa. Kuangalia, kimpira kimekauka kwa joto kimekuwa kama mrija wa soda, kimekatikia palepale kilipoungwa kwenye T, kile kiungio cha njia tatu. Injini ilikuwa inavuta hewa ambayo kontroli boksi (kompyuta ya gari) haijaipigia hesabu, lazima ipige kelele. Kwahiyo ukinunua ya mpira tupa kile kimpira cha kwenye boksi, nunua cha silikoni, weka klipu kila maungio, na pale kinapopita kwenye bati hakikisha kuna pete ya raba kisije kikakatwa.

Na msimamie fundi anapochomeka T. Mpira unaoenda kwenye sensa ya presha ya gari asiuguse, na ule unaoenda kwenye westigeti, kile kilango kinachoizuia turbo isipitilize, asiuguse kabisaaa, maana ukivuja hapo westigeti haisikii presha, haifunguki, turbo inaendelea kusukuma tu na wewe unasifia gari leo ina nguvu. Achukue mpira unaotoka kwenye manifoldi yenyewe.

Namba mbili ni ya umeme, orijino, yenye sensa yake. Hapa nikiri, kama gari umeshaitunishia busti au unalikimbiza kweli basi hii inapanda inakuwa ya kwanza, wala sibishani. Sensa inabaki kwenye injini, ndani unaingiza waya tu, hakuna hewa yenye harufu ya petroli kuja kukutembelea. Inakumbuka namba ya juu iliyofika, nyingine zinapiga alamu ukipitisha kiwango ulichoweka, na hiyo alamu ndo unayoilipia, kwasababu ukiwa unaovateki lori pale mlima Kitonga macho yako hayawezi kuwa kwenye geji. Defi wa Japani na AEM wa Marekani wanatengeneza nzuri. Bei inaweza kuwa mara mbili ya ile ya mpira na zaidi, na Defi zimechakachuliwa mno, ukiona inauzwa bei ya chipsi kuku jua hiyo ni chata tu.

Ukiifunga, sensa ikae kwenye bodi mbali na joto la turbo, isining'inie juu ya injini. Halafu kuna kitu cha watu wa safari ndefu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji ya umeme isiyojirekebisha sifuri, ukiwasha swichi tu bila injini, utaikuta inasoma karibu 0.2 chini ya sifuri. Sio mbovu, ila hesabu yako ya busti nayo itapungua hivyohivyo. Ya mpira sifuri yake haihami, lakini injini ikinguruma utaona sindano haishuki kama Dar, kama ulizoea 0.65 chini huko itakuwa kama 0.5, usikimbilie kwa fundi.

Tatu, kile kidude cha OBD cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya kwenye simu. Kwa gari mpya mpya ni cha kuanzia tu, hakuna kutoboa kitu. Ila kinachelewa, sindano ya kwenye simu inakwambia kilichotokea sio kinachotokea, na namba ya kawaida inayotoka kwenye gari inaishia kPa 255 ukihesabu na hewa ya nje, yaani busti kama 1.5 bar basi. Na Subaru nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazielewani nacho vizuri, usinunue kabla hujaazima cha mtu ukajaribu.

Mwisho kabisa ni zile za umeme za bei chee, tatu kwa moja, rangi saba. Sensa yake ikifa huipati popote, unanunua geji upya. Ya mpira ikiharibika utasikia fsss, hii inakudanganya huku inawaka vizuri.

Wa dizeli, Hilux, Hiace na ndugu zao, huku kushuka chini ya sifuri hakuwahusu sana, chukueni inayoanzia sifuri mpaka 2 bar au zaidi. Ukiona imeandikwa x100kPa soma kama bar tu.

Na kikombe cha kuiwekea kwenye nguzo ya kioo, kabla hujalipa kiangalie kimekatwa upande gani, vingi vinatoka Marekani usukani wao uko kushoto, kwako hakikai. Gari lako likiwa na eabegi ndani ya hiyo nguzo weka geji kwenye dashibodi.