Risasi za .223 za kuwindia kulungu: mtutu kwanza, boksi baadaye

Msimu wa kulungu wa Texas hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na wiki chache kabla yake simu yangu hujaa malalamiko ya aina moja. Mtu kanunua boksi lenye picha ya dume la pembe, kampiga mnyama begani, mnyama kakimbia akapotelea vichakani. Mwingine risasi zinatawanyika karatasi nzima kwenye shabaha. Lawama zote anabebeshwa darubini, masikini.

Habari za kasi na nguvu siziandiki, zimechapwa kwenye maboksi mengi. Soma sheria za jimbo lako: Texas inazuia risasi ndogo za rimfaya tu (zile zinazowashwa kwa kugongwa ukingoni mwa kitako), lakini Virginia inataka kipenyo cha inchi .23 au zaidi na Colorado .24, kwa hiyo huko .223 yako ibaki kabatini. Mimi nataka utazame msokoto wa mtutu.

Mifereji iliyo ndani ya mtutu ndiyo inayoizungusha risasi. Bunduki nyingi za zamani za Remington 700 za .223 huizungusha mara moja kwa kila inchi 12. Tikka T3x na Ruger American za sasa, inchi 8, yaani upesi zaidi. Kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, kikiwa kirefu kinataka kuzungushwa upesi zaidi, la sivyo kinayumba hewani na kufika kimelala ubavu. Ukiona kwenye karatasi tundu limerefuka kama la ufunguo, umeshapata jibu. Watu wanahangaika na uzito, kumbe jambo ni urefu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kuliko kile chenye moyo wa madini hayo, hata vikiwa na uzito mmoja.

Kupima si kazi. Hakikisha bunduki ni tupu, chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, uvike kitambaa kinachobana. Ukishaingia mtutuni, chora alama ya kalamu upande wa juu wa ufito, sukuma polepole hadi alama izunguke na kurudi juu. Umbali ambao ufito umesogea ndio msokoto wako.

Sasa chaguo langu, na sifichi mapenzi: Nosler Partition ya greni 60, karibu gramu 3.9. John Nosler alianza kuibuni baada ya kuwinda moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko British Columbia mwaka 1946, vichwa alivyotumia vikapasukia kwenye ngozi bila kuingia ndani. Akaweka ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inachanua, ya nyuma inaendelea kupenya. Kitako chake ni bapa na moyo wake ni wa madini ya risasi, hivyo haina urefu wa kusumbua, na mitutu mingi ya zamani huipokea vizuri. Bado ijaribu kwenye karatasi kabla ya kwenda porini.

Ya pili ni Federal Fusion ya greni 62, ambayo shaba yake imeshikamana na moyo wake, haivui ganda. Kwa msokoto wa inchi 9 au chini ya hapo sina neno nayo. Ya tatu Barnes TSX ya greni 55, shaba tupu. Inapenya kwelikweli, na kwa walioko California, ambako madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, ndiyo ya kwanza. Ila usijipandishie hadi TSX ya greni 70 kama msokoto wako si wa inchi 8 au chini ya hapo.

Za bei nafuu: Winchester Power-Point ya greni 64 inatosha kwa jike mdogo aliye karibu. Hornady V-MAX ni ya wanyama wadogo, imetengenezwa ipasuke. Kwenye bega la kulungu itaacha jeraha la juujuu. Zile za mazoezi ya shabaha, zenye moyo wa madini ya risasi uliofunikwa ganda la shaba hadi nchani, hapana.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Nimesimama kwenye kaunta moja nikamsikia kijana akimwambia mzee, ".223 ni .223, chukua yoyote," akimpa boksi la vichwa virefu bila kuuliza hata bunduki ni ipi. Boksi lenyewe risasi 20, bei yake inakaribia ile ya boksi kubwa la shabaha, na likishafunguliwa halirudishwi. Mzee wa watu analipa, kisha anapoteza mnyama. Swali moja tu la msokoto lingemwokoa.

Kwa hiyo nunua Agosti, boksi moja la kujaribia. Mtutu ukiipenda, rudi wiki hiyohiyo uchukue mengine yenye namba ileile ya toleo iliyochapwa kwenye kifuniko, maana ukisubiri hadi Oktoba utakuta rafu imebaki na V-MAX.