WordPress, Joomla, Wix au Shopify: mfumo upi unaifaa biashara ya Malindi?

Nyumba ya wageni ya vyumba vinane pale Casuarina haina bei moja ya mwaka mzima. Kuna bei ya Krismasi, kuna ya miezi ya kaskazi, na kuna ya mvua za masika, ambapo wengine hufunga kabisa. Mgahawa nao hubadilisha menyu kwa kufuata kilichotoka baharini. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu mfumo wa kuendesha tovuti ni hili: anayekaa mapokezi ataweza kubadilisha bei kwa simu yake, kwa dakika tano, bila kumtafuta fundi? Mfumo unaoshindwa hapo haufai, hata ukurasa wake wa mbele ungependeza vipi. Swali la pili ni lugha, kwa sababu Malindi na Watamu zina wageni wengi wa Kiitaliano, na wateja wa Nairobi wanataka Kiingereza au Kiswahili. La tatu ni pesa: M-Pesa kwa wenyeji, kadi kwa wageni.

WordPress ndiyo tunayoipendekeza kwa walio wengi. Ilitoka mwaka 2003, ni ya bure, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Faida yake kubwa kwa mfanyabiashara ni kwamba ukikosana na fundi mmoja, mwingine ataishika kazi bila kuanza upya. Ila jina hilo linabeba vitu viwili. Kuna programu unayoipakua WordPress.org na kuiweka kwenye hosti (kampuni inayokutunzia tovuti mtandaoni) unayoilipia mwenyewe, na kuna huduma ya WordPress.com, ambako kampuni inakutunzia kila kitu kwa ada. Fundi akikutajia WordPress, muulize ni ipi. Hapa tunazungumzia ile ya kwanza.

Udhaifu wake uko kwenye plagini, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo. Wizi mwingi wa tovuti za WordPress hupitia plagini na violezo (miundo ya mwonekano) visivyosasishwa, si programu yenyewe. Nyumba ya wageni haihitaji plagini thelathini. Nane hadi kumi zinatosha: lugha, fomu, kalenda ya vyumba, malipo, bekapu, ulinzi, kashe (nakala za kurasa zinazoharakisha tovuti) na barua pepe. Kiolezo cha kulipia kinachogawiwa bure mitandaoni usikiguse. Mara nyingi kimefichwa msimbo wa mtu mwingine, na dalili yake ni jina la hoteli yako kutokea Google likiwa na matangazo ya kamari chini yake. Bekapu iwe ya kila wiki, na ihifadhiwe nje ya hosti. Plagini ya UpdraftPlus ya bure huipeleka Google Drive. Bekapu iliyokaa kwenye seva ileile itapotea pamoja na tovuti siku seva ikiharibika.

Kwa upande wa lugha, WordPress huhitaji msaada. Plagini ya Polylang ya bure inatosha kwa kurasa na makala. Ukitaka kutafsiri bidhaa za duka la WooCommerce (plagini ya duka ya WordPress), utalipia nyongeza. Polylang iweke mapema. Ukiiweka baada ya kujenga kurasa arobaini, itabidi kila tafsiri uiunganishe na ukurasa wake, moja baada ya nyingine, na kwenye itakayosahaulika, mgeni wa Kiitaliano atabofya apelekwe kwenye Kiingereza. Menyu ya chakula, tafadhali, isitafsiriwe na mashine. Samaki changu anaweza kugeuzwa kuwa neno la Kiitaliano la kitu kilicho changu mimi, na wa kupaka akageuzwa kuwa amepakwa rangi. Mpe anayejua Kiitaliano na anayejua nazi. Huko mjini hakosekani.

Joomla ilianza mwaka 2005, na jina lake limetokana na neno letu "jumla". Kwa lugha nyingi inaishinda WordPress, maana uwezo huo umo ndani ya mfumo wenyewe, bila plagini. Tovuti ya lugha tatu isiyo na duka hukaa vizuri sana humo. Tatizo ni mtu wa mapokezi. Makala, menyu na moduli (visanduku vinavyozunguka makala) ni vitu vitatu tofauti vilivyo sehemu tatu tofauti, na kila lugha inataka menyu yake na ukurasa wake wa mwanzo uliowekewa alama. Ukisahau mmoja, mgeni akibadilisha lugha anakutana na ukurasa wa kosa. Halafu angalia toleo: Joomla 3 iliacha kupata masasisho ya usalama Agosti 2023. Ukirithi tovuti iliyo katika toleo hilo, weka bajeti ya kuijenga upya kwa sehemu, kwa kuwa violezo vya Joomla 3 na nyongeza zake nyingi havifanyi kazi kwenye matoleo mapya.

Drupal, mfumo mwingine wa aina hii, ni kwa mashirika yenye mafundi wao wenyewe. Mgahawa uiache.

Wix ina mvuto wa haraka. Jioni moja inatosha kupata ukurasa, na hakuna hosti ya kushughulikia. Lakini hapo umepanga, hukujenga. Tovuti uliyoijenga humo huwezi kuihamishia hosti nyingine. Siku ya kuhama unanakili maneno na picha kwa mkono. Kwa mwenye mashua anayepeleka wageni Hifadhi ya Bahari ya Malindi, anayetaka ukurasa mmoja wenye bei, picha na kiungo cha WhatsApp, Wix inamtosha. Kiungo hicho huandikwa wa.me na namba kuanzia 254, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Ile sifuri ikibaki, hakifunguki.

Shopify ni duka kamili, na kwa kuuza vikoi na vinyago nje ya nchi ni nzuri kweli: stoo, ukubwa na gharama za kutuma vinahesabika vyenyewe. Tatizo kwa Mkenya ni malipo. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipo Kenya, hivyo lazima utumie ya kampuni nyingine, na Shopify hukata ada ya ziada kwa hilo. Katika mpango wake wa Basic ada hiyo ni asilimia 2. Kwenye mauzo ya shilingi 10,000 ni shilingi 200, kabla ya makato ya kampuni ya malipo na kabla ya ada ya kila mwezi ya Shopify.

Sasa M-Pesa, ambako ndiko kazi nyingi huharibikia. Kwenye WooCommerce unaweka plagini inayotumia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Unahitaji Paybill au Till ya biashara, pamoja na funguo za siri za Daraja. Mteja anaandika namba yake, simu inamwomba PIN, analipa. Kosa la kawaida ni hili: pesa imeingia, lakini oda bado inasubiri malipo. Baada ya mteja kulipa, Safaricom hutuma jibu kwenye anwani fulani ya tovuti yako. Anwani hiyo lazima iwe ya https, iwe wazi kwa umma, na isizuiwe na plagini ya ulinzi wala kushikwa na kashe. Jaribu kwa kulipa shilingi 10 na kuangalia kama oda inabadilika yenyewe. Rudia kwa namba ya 07, ya 01 na iliyoandikwa kwa +254, maana wateja huandika kila namna. Kwa mgeni asiye na laini ya Kenya ongeza kadi kupitia Pesapal au kampuni ya aina hiyo.

Kalenda ya vyumba nayo ina mtego. Ukiiunganisha na Airbnb au Booking.com kwa iCal (njia ya kushirikisha kalenda), habari hazifiki papo hapo; saa kadhaa zinaweza kupita. Wiki ya Krismasi muda huo unatosha chumba kimoja kuuzwa mara mbili. Kipindi hicho tovuti ipokee maombi tu, na binadamu ndiye athibitishe.

Picha za simu zina megabaiti nne au tano kila moja, na ukurasa wenye kumi hautafunguka kwa mgeni aliye kwenye intaneti dhaifu. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1600, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili ndogo za picha), kila moja isizidi kilobaiti 200. WordPress inaipokea WebP tangu toleo 5.8 la mwaka 2021.

Mfumo wowote utakaouchagua, domeini (jina la tovuti) ya .co.ke iandikishwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara. Ikiandikishwa kwa jina la fundi, yeye ndiye mwenye tovuti machoni pa msajili, hata kama pesa zilitoka mfukoni mwako.

Na kabla ya kumlipa salio, tuma ujumbe kupitia fomu ya mawasiliano ukijaza anwani ya Gmail ya mtu mwingine. Ukiingia kwenye taka, au usipofika kabisa, mara nyingi sababu ni kwamba seva inatuma barua bila kutambulika. Fundi aunganishe fomu na SMTP (njia ya kutuma barua) ya sanduku halisi la barua, aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha mtumaji, kwenye DNS (mipangilio ya domeini), kisha jaribio lirudiwe. Salio lingoje ujumbe ufike kwenye sanduku la kawaida.