Kununua Jeshi la Mezani Ukiwa Kampala: Lipi Lianze, Lipi Lisubiri

Kosa linalowapata wengi wanaoanza mchezo huu wa vita vya mezani, wa sanamu ndogo za askari na dadu, ni kununua jeshi moja. Mtu wa Nottingham, Uingereza, anaweza kununua Warumi peke yao, kwa kuwa klabuni atamkuta mwenzake mwenye Wakarthago, adui zao. Hapa Kampala ukinunua Warumi, watapigana na nani? Rafiki zako watakuja, watawashika, watawasifu, kisha watarudi kwenye karata zao. Kwa hiyo kila kitu nilichokipanga hapa chini nimekipima kwa swali moja: kwa pesa hiyo, pande zote mbili zitafika mezani, na zitafika lini?

Sisi tuko wanne. Mmoja ametoka Arua, mwingine Bunia, wa tatu Mombasa, na mimi wa Bombo. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Tunacheza Jumapili moja kila mwezi, barazani Ntinda, na wote tulianza bila hata askari mmoja.

Kabla pesa haijatoka mfukoni, chagueni vita. Msianze na vita ambavyo ni mmoja tu anavijua kwa kuvisoma. Sisi tulianza na Adwa, tarehe 1 Machi 1896, siku jeshi la Menelik II wa Ethiopia na Malkia Taytu lilipolivunja jeshi la Italia la Jenerali Baratieri. Waitalia, pamoja na askari wao wa Eritrea, walikuwa kama 17,000, nao waliingia milimani usiku kwa vikosi vilivyoachana. Kikosi cha Albertone, mmoja wa majenerali wao, kilipitiliza mbele kwa sababu jina la kilima kwenye ramani halikulingana na kilima chenyewe. Kwa mchezo hiyo ni hazina: anayeshika Waitalia lazima aamue kama atakimbia kumwokoa mwenzake au atabaki alipo. Tulipokwisha kuzoea tukaingia Tanga, Novemba 1914, ambako karibu askari 8,000 wa Waingereza walioletwa kutoka India walishindwa na watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Hata nyuki waliingia vitani siku ile, na hawakubagua upande. Kwetu dadu ikiangukia moja vichakani, nyuki hutoka.

Vita vya Mengo vya Januari 1892 tuliviacha kwa muda mrefu. Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana kwenye vilima tunavyovipita kila siku, na Lugard, ofisa Mwingereza, na bunduki yake ya Maksimu, ya kufyatua mfululizo, hapohapo. Kuna watu ambao babu zao wamo ndani ya habari ile. Ulizaneni kwanza kwa heshima ndipo mpange.

Sasa saizi. Askari hawa hupimwa kwa urefu wao. Wa milimita 28 ndio wakubwa wanaopendeza kwenye picha. Wa 1/72, yaani mtu aliyepunguzwa mara 72, wana kama milimita 25, wa milimita 15 ni wadogo zaidi, na wa milimita 6 ni punje. Saizi ndiyo inayoamua meza yako iwe kubwa kiasi gani, usiku mingapi utapaka rangi, na mzigo utakuwa na uzito gani njiani. Chagueni saizi moja nyote na msiichanganye.

Nafasi ya kwanza: karatasi, kutoka Nasser Road

Najua wengi watashangaa. Lakini nimejaribu karibu kila njia, na kwa mtu anayeanza Uganda hakuna inayoikaribia hii. Mchoraji Mwingereza Peter Dennis amechora majeshi mazima ya karatasi, mbele na nyuma, yanayouzwa kwa ajili ya kuchapwa na kukatwa. Tovuti ya Junior General nayo ina askari wa karatasi wa bure wa karne nyingi. Unaweka faili kwenye flashi, unashuka Nasser Road, na vijana wa pale wanaochapa kalenda, mabango na kadi za harusi wanaimaliza kazi ukiwa umesimama.

Usiombe karatasi ya kawaida ya gramu 80, maana itajikunja ikipata unyevu wa Aprili. Omba ile ya kadi za mwaliko, gramu 160 hadi 200. Ukitaja kadi ya harusi wanaelewa mara moja. Sisitiza mashine ya leza, si ya wino wa maji. Tulipoteza kikosi kizima cha wapanda farasi kwa tone moja la chai kwa sababu hiyo. Chapa ukurasa mmoja kwanza uuangalie, kwani rangi ya ngozi za watu hubadilika sana kutoka mashine hadi mashine, na Wahabeshi wetu wa kwanza walitoka wekundu kama matofali. Mimi nililipa shilingi 1,500 kwa ukurasa. Kurasa kumi na mbili zikatupa pande zote mbili za Adwa, shilingi 18,000, na Jumapili iliyofuata tulicheza.

Kazi iliyobaki ni gundi nyeupe ya seremala, mkasi mkali na subira. Acha ukingo mweupe mwembamba kumzunguka askari. Ukimkata karibu mno mkuki unakatika. Kata vibao vya kusimamishia kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa mara tatu, na chini ya kila kibao bandika washa moja ya chuma, ile pete bapa ya bolti, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Bila uzito huo upepo wa barazani utalishinda jeshi lako kabla ya adui.

Kuna sababu nyingine ya kuipa karatasi nafasi ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa. Sijawahi kuona sanduku la kiwandani lenye abarusura, wapiganaji wa Omukama Kabalega wa Bunyoro waliopambana na Waingereza kuanzia 1894 mpaka alipokamatwa mwaka 1899. Sijaona pia mitumbwi ya vita ya Buganda, ile ya mbao zilizoshonwa, yenye pembe za swala kwenye omo yake. Kwenye karatasi unaichora mwenyewe. Mwenzetu wa Arua anajua kuchora. Aliketi jioni tatu, akatupa mitumbwi kumi, tukaiweka kwenye kitambaa cha buluu na kupigana kwenye Ziwa Nyanza. Hakuna duka la nje lingetuuzia mchana ule.

Ya pili: sanduku la plastiki la 1/72

Ukishajua kwamba kundi lenu litadumu, yaani mmekutana angalau mara nne bila mtu kutafutwa kwa simu, hapa ndipo pesa ya kwanza kubwa iende. Sanduku moja huwa na watu wa miguu kama arobaini au zaidi, na huko Uingereza huuzwa kwa kiasi cha pauni kumi. HaT, Zvezda ya Urusi na Italeri ya Italia ndiyo majina ya kutafuta. Italeri imewahi kutoa Wazulu na Waingereza wao, kwa hiyo vita vyao vya Isandlwana, Afrika Kusini, vya tarehe 22 Januari 1879, vinanunulika kwa pande zote mbili. HaT na Zvezda wana Warumi na Wakarthago, tembo wakiwemo, nawe unaweza kumrudisha Hannibal, jemadari wa Wakarthago, kwenye vita vya Zama, 202 K.K., na tembo wake 80 uwahesabu kwa wawili watatu mezani.

Kwa vita vya kale kama hivyo kuna kanuni ziitwazo DBA, zilizotoka mwaka 1990, ambazo kila upande unahitaji vibao 12 tu. Masanduku mawili ya watu wa miguu, moja la farasi na moja la tembo yanatosha kabisa, na mchezo unaisha kabla ya chakula cha jioni.

Ubaya wake ni plastiki yenyewe. Ni laini, inapinda, na inaitema rangi. Waoshe askari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, wakauke, kisha wapake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo kabla ya rangi. Mimi niliruka hatua hiyo mara moja, na baada ya safari moja ya bodaboda kutoka Bombo mikuki yote ilikuwa imebaki bila rangi.

Ya tatu: punje za milimita 6

Hawa ni wa madini, na mtengenezaji ninayemwamini ni Baccus wa Sheffield. Askari huja wakiwa wameungana wanne wanne, na kibao cha milimita 60 kwa 30 kinabeba kikosi kinachoonekana kweli kama kikosi. Huoni tena watu kumi wanaojifanya elfu moja. Meza ndogo inageuka nchi nzima. Uzito ni mdogo, basi gharama ya kusafirisha haikuumizi, na kupaka rangi ni mistari tu: suruali, koti, kofia, basi.

Ningewaweka wa pili kama si mwanga. Sisi hucheza mpaka magharibi, na umeme ukikatika hakuna anayemtofautisha Mfaransa na Mprusi kwa mwanga wa simu. Wazee wenye miwani nao watawapata tabu. Wenye taa nzuri ya kuchaji wasisite.

Ya nne: milimita 28, kwa moyo na si kwa haraka

Hawa ndio wazuri kuliko wote, sitaficha. Perry Miniatures, kazi ya mapacha Alan na Michael Perry, wana Ansar, wapiganaji wa Mahdi wa Sudani, wa plastiki ngumu, na Waingereza wa kupambana nao. Warlord Games wana Wazulu. Wargames Foundry wana wa madini, ruga-ruga, wale wapiganaji wa kukodiwa, na maaskari wa misafara ya karne ya 19, nyuso ambazo mtu wa Afrika Mashariki anazitambua papo hapo. Ukimshika mmoja mkononi, mwenye kilemba na gobori lake, unaelewa kwa nini watu hutumia miaka yao kwenye kazi hii.

Lakini piga hesabu. Sanduku la plastiki ni pauni 20 hadi 30, nawe unahitaji manne au sita kwa pande mbili. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na gharama za kushughulikia mzigo. Mzigo wangu mmoja ulikaa wiki tisa njiani, na kila nilipouliza niliambiwa nirudi kesho. Njia bora ni ile ya kawaida yetu: mtu anayekuja. Dada, shemeji, rafiki wa chuo anayerudi Krismasi. Agiza mzigo ufike kwake wiki tatu kabla ya safari, umwambie kwa heshima utamlipa nafasi ya sanduku, na umwombe avitoe vitu kwenye maboksi makubwa. Usimbebeshe rangi ya kupuliza wala gundi ya kuyeyusha plastiki; haviruhusiwi kwenye ndege, na si haki aulizwe yeye uwanjani kwa ajili ya starehe yako.

Rangi ya kupuliza nunua soko la Kisekka, kwa wanaopaka magari, lakini jaribu kwanza kwenye fremu tupu ya plastiki. Baadhi ya rangi za magari huila plastiki ngumu. Kwa askari wa madini hakuna shida hiyo.

Zinazobaki

Printa za 3D zimeanza kuonekana mjini, na utashawishika. Kwa nyumba, kuta, madaraja na ngome, nunua bila hofu. Kwa askari wenyewe, printa ya uzi wa plastiki huacha mistari usoni, nayo ile ya utomvu (resin) inatoa sura safi lakini utomvu mbichi haufai kushikwa kwa mikono mitupu. Omba askari mmoja wa kuangalia, ukubali, ndipo ulipie wengine. Na uliza kama wana betri ya akiba, kwa sababu umeme ukienda katikati kazi ile inaharibika.

Mwisho kabisa naweka askari wa kijani wa mfuko kutoka Kikuubo. Ni rahisi na wapo leo leo, lakini wote ni wa vita vya kisasa, pande mbili zinafanana ila kwa rangi, na saizi zinatofautiana ndani ya mfuko mmoja. Wanunulie watoto wanaokuja na wageni wako, wawe na vita vyao kwenye mkeka. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri, maana mtoto mwenye jeshi lake haligusi la baba.

Vitu vidogo havihitaji kuagizwa. Dadu zinatoka kwenye ludo. Nunua ludo tatu upate za kutosha. Tepu ya fundi cherehani inapima vizuri kuliko ya chuma, haiwaangushi askari. Blanketi la kijani au la kahawia tafuta soko la Owino, zito, lisilo na maua. Weka vitabu chini yake na vilima vya Adwa vimesimama. Sanduku la kubebea liwe la bati, lile la wanafunzi wa bweni, na chini ubandike sumaku za spika mbovu. Washa za chuma ulizobandika kwenye vibao zitashika hapo, na jeshi litafika Ntinda likiwa limesimama.