Mshale wa faiba ya zamani au wa mti?

Kwanza utambue ulichoshika. Uti (fimbo ya mshale) wa zamani wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi, mara nyingi una uwazi ndani. Uelekeze juani, utaona nyuzi za kioo zimelala kwa urefu. Ukiugonga hautoi mlio wa bati kama aluminiamu.

Kwa unyevu wetu wa Mwanza, faiba inashinda: haipindi masika. Mti hupinda, ila unanyooshwa motoni. Faiba iliyopasuka ni ya kutupa. Ipinde kidogo, taratibu, kabla ya kulenga. Ikialika, usiirushe kamwe, kwani vibanzi vyake vitakuchoma mkono.

Gharama? Mti ni nafuu, bila ubishi. Faiba hizi na vichwa vyake ni adimu. Anayefundisha watoto achukue mti. Mwenye faiba nzima, zilizokaguliwa, azitumie kupiga shabaha ufukweni.