Makumbusho ya Karen Blixen, Nairobi: itazame nyumba, filamu iache kando

Wengi huletwa hapa na Out of Africa, filamu ya Hollywood ya mwaka 1985, na hapo ndipo wanapoanza kupotea. Nyumba wanayoikumbuka kwenye filamu hiyo siyo hii. Sehemu kubwa ya picha za nyumbani zilipigwa katika nyumba nyingine isiyo mbali, ile ambayo Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark ambaye maisha yake ndiyo yanayosimuliwa na filamu, na mumewe Bror walikaa kabla ya kuhamia hapa mwaka 1917. Anayekuja kutafuta mandhari ya sinema atatoka na manung'uniko. Anayekuja kuona jinsi nyumba ya mlowezi ilivyojengwa na kuendeshwa atatoka ameshiba.

Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na Msweden, Åke Sjögren. Si kasri, ni nyumba ya chini isiyo na ghorofa: kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu, sakafu ya mbao ngumu, na baraza pana zinazokinga jua na mvua. Ndani, kuta za vyumba vikuu zimefunikwa mbao nyeusi, ndiyo maana hata saa sita mchana kuna kiza cha kutosha. Usivue miwani ya kusomea. Maandishi ya maelezo hayasomeki kwa urahisi.

Swali la kumwuliza mwongozaji katika kila chumba ni moja: kitu hiki ni cha asili, au kimeletwa? Blixen alipoondoka mwaka 1931 aliuza vyombo vyake, na baadhi vilinunuliwa na Lady McMillan, mjane aliyejenga maktaba ya McMillan mjini. Vichache vimerudi. Vingine ni vya enzi ile lakini si vyake, na vingine vilitengenezwa kwa ajili ya filamu, yakiwemo mavazi. Vyote vimepangwa pamoja, na usipouliza utapiga magoti mbele ya kifaa cha sinema ukidhani ni urithi. Kabati la vitabu la Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyekuwa mpenzi wa Blixen, lenye herufi za jina lake, ndilo la kulikazia macho.

Jiko liko nje, limetengana na nyumba kuu, kama ilivyokuwa desturi: moshi, joto na hatari ya moto vikae mbali na wenye nyumba. Humo kuna jiko la chuma la kuni aina ya Dover. Ndipo alipofanyia kazi Kamante Gatura, kijana Mkikuyu aliyekuja kuwa mpishi hodari. Wageni wengi huchungulia mlangoni na kuondoka. Ni kosa, kwa sababu jiko hili linaonyesha kuliko chumba chochote nani aliyeifanya nyumba iende. Hapa ndipo makumbusho yanapopungua: Farah Aden, Msomali aliyesimamia shughuli zote za nyumbani, na familia za Kikuyu zilizolima shamba hili, wanapata maneno machache mno kulinganisha na bibi mwenyewe.

Shamba lilikuwa na zaidi ya ekari 4,000, na karibu 600 zilipandwa kahawa. Fedha zilitoka kwa ndugu zake huko Denmark kupitia kampuni ya familia, na zilipotea. Mahali hapa pako juu kupita kiasi kwa kahawa, mvua haikutosha, na udongo una asidi. Ardhi ikauzwa, ikakatwa viwanja vya ekari 20, na mtaa wa Karen ukazaliwa. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuizawadia Kenya iliyokuwa imetoka kupata uhuru. Makumbusho yakafunguliwa 1986.

Bustani ni nusu ya thamani ya tiketi. Nyasi zimetunzwa, miti ni mikubwa, na Vilima vya Ngong vinaonekana upande wa machweo. Kwa hiyo piga picha asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Alasiri utapigana na mwanga. Kati ya Juni na Agosti mawingu huweza kuvificha vilima kutwa nzima. Magari ya watalii huunganisha safari hii na ya twiga na ya ndovu yatima, na kundi moja likiingia vyumba hujaa. Siku ya kazi, mapema, ndiyo salama.

Kutoka mjini, matatu nambari 24 hupita karibu na lango. Malipo ni kwa eCitizen, basi weka bando na pesa kwenye simu kabla ya kufika, na uchukue kitambulisho: raia, mkazi na mgeni wa nje hawalipi sawa. Kuhusu kupiga picha ndani, uliza kwanza. Ziara ya vyumba haichukui hata nusu saa; ukiona mwongozaji anakimbia, mwombe apunguze mwendo, na ukimaliza rudi bustanini peke yako. Usikose mashine kuukuu ya kukaushia kahawa iliyobaki miongoni mwa miti. Mvua ikiwa imenyesha, njia yake ni tope la kunata. Viatu vya kisigino viache nyumbani.