Feri tano, visiwa vitatu, rasi mbili: tathmini ya ziara ya gari magharibi mwa Uskoti

Ziara hii inastahili fedha zake, kwa sharti moja: feri zipangwe kwanza, vyumba vifuate. Wengi hufanya kinyume. Wanalipia nyumba kisiwani Mull kwa wiki ya pili ya Julai, halafu wanakuta nafasi za magari kwenye feri ya bandari ya Oban zimekwisha siku ile ile wanayoitaka. Nyumba hairudishi fedha, na feri haina pa kuwaweka.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Glasgow unashuka pwani, unavuka hadi Brodick kisiwani Arran. Kaskazini mwa Arran, Lochranza, unapanda kivuko kidogo hadi Claonaig katika rasi ya Kintyre. Unapanda kwa barabara hadi Oban, unavuka hadi Craignure kisiwani Mull. Kutoka Tobermory, juu ya Mull, unavuka hadi Kilchoan katika rasi ya Ardnamurchan. Mwisho unaendesha hadi bandari ya Mallaig, unavuka hadi Armadale katika kisiwa cha Skye, ambacho kina daraja la kurudia bara. Feri zote tano ni za Caledonian MacBrayne, kampuni ya umma ambayo kila mtu huiita CalMac. Tenga usiku kumi: miwili Arran, miwili Kintyre, mitatu Mull, mmoja Ardnamurchan, miwili Skye. Kwa usiku saba utakuwa unakimbizana na foleni za bandarini.

Nauli si tatizo kubwa. Tangu 2015 njia zote za CalMac za magharibi hutumia kanuni ya kuilinganisha nauli na gharama ya kuendesha umbali ule ule barabarani, na gari dogo linavuka kwa bei inayovumilika. Zipo pia tiketi za Hopscotch, zinazounganisha vivuko kadhaa na kudumu siku 31. Piga hesabu ya feri moja moja kabla ya kuinunua, maana kanuni hiyo imepunguza sana faida yake. Na Hopscotch haikupi nafasi ya gari: kila safari inayowekewa nafasi lazima uiwekee.

Hapo ndipo penye siri ya njia hii. Vivuko vitatu vikubwa, yaani Brodick, Craignure na Armadale, huwekewa nafasi mapema, na kwa Julai na Agosti ni vizuri ufanye hivyo miezi kabla. Viwili vidogo, Lochranza–Claonaig na Tobermory–Kilchoan, havina nafasi za kuweka. Anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kupanda. Basi feri tatu zile kubwa ziwekee tarehe, na hizi ndogo uziachie siku nzima. Kivuko cha Lochranza huchukua kama nusu saa, cha Kilchoan dakika 35. Ukikosa kimoja unangoja kinachofuata, mradi hujapanga kuvuka na cha mwisho cha siku. Kosa linalowaumiza watu ni kuunganisha Kilchoan na Mallaig katika asubuhi moja. Ramani inaonyesha karibu. Barabara ya Ardnamurchan ni nyembamba na ina kona tele, inataka karibu saa mbili.

Unapokata tiketi taja urefu halisi wa gari, pamoja na kibebeo cha baiskeli nyuma. Ukikuta umezidi, wahudumu wana haki ya kukuweka kwenye foleni ya kusubiri nafasi. Bandari kubwa hufunga usajili wa magari nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka, kwa hiyo kufika dakika kumi kabla ni sawa na kutofika. Gari la kukodi liulizie mapema: baadhi ya mikataba inataka utaje kwamba litapanda feri. Angalia pia unaondokea wapi kwenda Brodick. Meli ya Glen Sannox, iliyoanza kazi Januari 2025, hutumia bandari ya Troon kwa sababu gati la bandari ya zamani, Ardrossan, haliifai. Tiketi iliyoandikwa Troon haina maana yoyote kwa aliyesimama Ardrossan.

Feri huahirishwa. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma kwa nguvu, meli huweza kushindwa kufunga gatini hata kama katikati ya bahari inapitika, na meli kadhaa za kampuni hii zina umri mkubwa. Jisajili upate ujumbe wa simu wa hali ya safari. Kilchoan ikifungwa, kuna mlango wa pili: kivuko kingine cha kutoka Mull, Fishnish–Lochaline, dakika 18, kisha barabara ya Morvern kupitia Strontian. Mallaig ikifungwa, unazunguka kwa Fort William hadi daraja la Skye, kilomita zaidi ya 180. Lochranza ikifungwa ndiyo mbaya kuliko zote: unarudi Brodick, unavuka bara, halafu unapanda barabara ya A83 kupitia kilima cha Rest and Be Thankful, ambacho maporomoko ya udongo hukifunga mara kwa mara mvua ikizidi.

Kwa dereva wa Kenya, Tanzania au Uganda upande wa barabara ni ule ule wa kushoto, na leseni ya nyumbani inakubalika kwa miezi 12. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ana kazi ya ziada, na asianzie kwenye barabara nyembamba za Mull. Barabara hizo zina upana wa gari moja, zenye sehemu za kupishana zilizowekewa kibao. Sehemu ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, usivuke. Simama pale pale ulipo, mwenzako aingie yeye. Nyuma yako akiwepo mwenyeji mwenye haraka, ingia umpishe, maana wewe unatazama mlima na yeye anawahi kazini. Usiegeshe hapo kupiga picha hata kwa dakika moja. Kwa hesabu za muda, weka kilomita 40 kwa saa: Craignure hadi Fionnphort, ncha ya magharibi ya Mull, ni kilomita 60 na inataka saa moja na nusu, hasa kondoo wakilala barabarani. Mafuta jaza Oban kabla ya kuvuka, na jaza tena kabla ya kuingia Ardnamurchan.

Arran ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu si pagumu. Barabara ya kukizunguka kisiwa ni kilomita 90 hivi, mlima Goat Fell wenye mita 874 hupandwa na kushukwa kwa siku moja, na karibu na Lochranza ipo miamba ambayo mwanajiolojia James Hutton aliichunguza mwaka 1787 alipokuwa akijenga hoja kwamba dunia ni ya kale mno. Kintyre watalii huipita mbio wakiwahi Oban, na wanapoteza. Mji wa Campbeltown, kusini mwa rasi, ndiko alikozaliwa William Mackinnon mwaka 1823, mwenye meli za kampuni ya British India zilizofika Zanzibar na Mombasa, na mwanzilishi wa kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Historia ya pwani yetu ina mzizi mmoja hapa, kwenye mji mdogo wa wavuvi.

Mull ndiyo moyo wa ziara, na usiku wa tatu usiukate. Siku moja ni ya kisiwa kidogo cha Iona. Gari la mgeni halivuki. Liache Fionnphort, kivuko ni dakika kumi. Umati huja na mabasi karibu na saa tano asubuhi na kuondoka alasiri, kwa hiyo abasia, kanisa la watawa lililo mahali alipofikia mtawa Columba mwaka 563, itazame asubuhi mapema au jioni, ukishahakikisha saa ya kivuko cha mwisho. Siku nyingine ni ya mashua za kwenda visiwa vya Staffa na Lunga. Pafini, ndege wenye midomo ya rangi, huwa nchi kavu tangu Aprili hadi mwisho wa Julai hivi. Ukienda Agosti katikati utaona miamba mitupu.

Siku ya tatu ipe Ulva, kisiwa ambacho jamii yake ilikinunua mwaka 2018. Gatini upande wa Mull kuna ubao; unasogeza kifuniko, rangi nyekundu inaonekana, na mwenye mashua anakuja kukuchukua. Magari hayavuki na mashua haifanyi kazi kila siku ya wiki, basi uliza kwanza. Ukoo wa David Livingstone ulitoka hapa. Kwa msomaji anayejua safari ya Chuma na Susi, waliobeba maiti yake hadi Bagamoyo, kutembea kati ya magofu ya wakulima waliofukuzwa Ulva katika karne ya 19 kuna uzito ambao vitabu vya utalii havikuandalii.

Kuhusu msimu, nusu ya pili ya Mei hadi wiki ya kwanza ya Juni ni bora kuliko Julai. Mvua huwa pungufu, jua huzama kama saa nne usiku, na usubi, wadudu wadogo wanaouma, bado hawajashika kasi. Usubi hawa si mzaha: hutoka kwa makundi alfajiri na jioni hewa ikitulia na kukiwa na unyevu, na huingia hata ndani ya masikio. Upepo mwepesi wa kilomita 11 kwa saa huwazuia. Nunua chandarua cha kichwa, bei yake ni ndogo, na usipige hema bondeni kwenye majani marefu. Nyama halali inunue Glasgow uiweke kwenye sanduku la barafu. Visiwani utategemea samaki, na kwenye duka la chipsi uliza mafuta ya kukaangia ni ya nini.

Skye tunaipa alama za chini kuliko Mull. Storr na Quiraing ni mandhari ya ajabu kweli, lakini mchana wa Julai maegesho hujaa na barabara hukwama. Lala rasi ya Sleat, karibu na Armadale, na ufike Storr kabla ya saa mbili asubuhi. Kutoka, usitumie daraja ikiwa msimu unaruhusu. Kylerhea, upande wa mashariki wa Skye, kuna kivuko cha Glenachulish, cha jamii ya wenyeji, ambacho sitaha yake huzungushwa kwa mikono ili gari lishuke likitazama mbele. Huchukua magari sita, huvuka kwa dakika tano hadi Glenelg, bara, na hufanya kazi kuanzia majira ya Pasaka hadi Oktoba. Barabara ya kukifikia ina mteremko mkali: weka gia ndogo, usitegemee breki peke yake, na gari refu la kulala lipitishe darajani.