Ndoo, sufuria au chungu? Chombo cha kuchachushia lita kumi za pombe ya nafaka

Ukipanga chumba na sebule Isevya au Cheyo, hapa Tabora, huna pa kuweka pipa. Uani mnatumia wote, na machicha yakikaa siku mbili jirani anaanza kuuliza harufu inatoka wapi. Basi pika kidogo, lita kumi za kunywa nyumbani. Kilo mbili hivi za nafaka, kimea (nafaka iliyooteshwa na kuanikwa) kikiwa humo humo. Sufuria ya uji unayo. Pesa iende kwenye chombo cha kuchachushia.

Mimi nilianza na dumu la mafuta ya kula. Nililiosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni, nikaamini limetakata. Siku ya pili pombe ilikuwa na utando unaong'aa, inanuka maandazi. Mkono haupiti kwenye mdomo wa dumu, kwa hiyo pembe za ndani sikuzisugua. Nilimwaga yote, na mtama ule nilikuwa nimeuloweka, nikauotesha na kuuanika mwenyewe. Iliniuma. Tangu hapo, dukani naingiza mkono kwanza. Nisipogusa kitako, sinunui.

Ya kwanza kwangu ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, ile ya kuwekea chakula. Kwa nini 20 wakati unapika 10? Povu. Usiku wa kwanza chachu ikichangamka, pombe inapanda na kutafuta pa kutokea, na ndoo iliyojaa itakumwagikia sakafuni. Mfuniko uegeshe tu, usiubane, maana hewa ya ukaa ikikosa njia hupasua chombo. Ndoo ipitishie kiganja ndani: pawe laini kabisa. Mchubuko mdogo unaficha vijidudu ambavyo sabuni haivifikii, kwa hiyo ioshe kwa kitambaa, kamwe si kwa steelwire. Yenye bomba chini ni nzuri ikiwa bomba linafunguka lote ukaliosha, na ikiwa unachuja machicha kabla, la sivyo litaziba.

Sufuria ya chuma cha pua inaishinda ndoo kwa kila kitu isipokuwa bei. Haichubuki kirahisi, unaichemshia maji ndani, na uji unapikia humo humo. Kagua misumari ya mishikio. Ikitokeza ndani, uchafu utajificha pale. Kama mfuko unaruhusu, anza na hii.

Chungu nakipenda kuliko vyote, lakini nakiweka cha tatu. Oktoba, mchana unapopita nyuzi 30, maji hupenya udongo na kukaukia nje, pombe ikabaki ya baridi. Chachu iliyopata joto kali huipa pombe harufu ya ukali inayokera. Vitundu vya udongo hutunza chachu ya mapishi yaliyopita, ndiyo maana chungu cha bibi huchachusha bila hamira. Ila vinatunza na ubaya vile vile. Kikishaingia siki, ni vigumu kuitoa, na kwenye chumba chenye watoto hakikawii kupasuka. Mwenye ndoo aibe ujuzi wake: isimamishe kwenye beseni la maji, izungushie khanga iliyolowa, usiku na mchana.

Sufuria ya alumini iishie kwenye kupika. Usiache pombe ichachukie humo. Ndoo ya bati usinunue kabisa, kwa sababu asidi ya pombe humung'unya zinki. Ndoo ya rangi na dumu la dawa za shamba, hata muuzaji aape, viache hapo hapo.

Ukifika nyumbani na ndoo mpya, ijaze maji ya moto nusu, funika, ilale hivyo. Asubuhi funua na uinuse kabla hujaloweka mtama. Ikinuka, irudishe dukani.